Nimejikuta kwenye daftari la chama nisichokijua. Hivi chama ni kitu gani hasa?

kopi_mwembetayari:
Assalam aleikum, na wengine wote habari zenu. Jana yamenipata mambo sijui nicheke ama nilie. Kuna hizi kazi za muda za ukarani wa uchaguzi, mpwa wangu akanambia mjomba na wewe omba, kibanda chako siku hizi hakilipi, watu watumiana pidiefu kwa simu nani atakuja kutoa kopi. Haya nikaona sawa. Kwa fomu kuna mahali waulizwa, je wewe ni mwanachama wa chama chochote cha siasa? Mkono wangu ulikuwa ushafika kwa "hapana", kijana akanishika akasema ngoja mjomba, ingia eCitizen, ile tovuti ya serikali, kwanza utizame.

Nikaingia. Simu ikazunguka weee, nikamkatia mteja picha zake za pasipoti, nikampa chenji, niliporudi kutizama jina langu liko pale yote matatu, hata lile la babu ambalo huwa silitii kwa karatasi, na jina la chama. Sikitaji manake sitaki maneno na mtu. Lakini wallahi sijui alama yake, sijui kinasimamia nini, sijui hata ofisi yake kama iko Mombasa hii ama iko ndani ya begi la mtu. Sijanunua kadi, sijaitwa mkutano, hata tisheti sijapewa, na mwaka wa uchaguzi tisheti huvaa hata mbuzi.

Kujitoa nitajitoa, hilo si neno. Lakini nimelala nawaza. Mimi nilikuwa darasa la tatu ile Disemba 1991 kifungu cha 2A kilipoondolewa tukarudi vyama vingi, na tangu hapo twaambiwa chama ndio mlango wa demokrasia, mbunge ni wa chama, spika ahesabu wabunge kwa vyama, kamati zagawanywa kwa vyama. Sasa kama chama chaweza kuniandika mimi na nisijue, kikaenda Nairobi kikasema tuna watu, na mmoja wa hao watu ni mimi niliyekaa hapa nakata picha, basi hicho chama ni kitu gani? Ni watu, ni kampuni ya mtu, ama ni daftari? Wenye elimu nisaidieni, bila matusi tafadhali.

likoni_feri_saa12:
Hongera mheshimiwa 😂😂 ukiteuliwa ubunge maalum usitusahau

BintiKuze:
Pole kaka, hauko peke yako. 2021 pale mfumo ulipofunguliwa na kila mtu akawa ajiangalia, ofisini kwetu tulikuwa wanane, watano tukajikuta ndani. Mmoja ni maalim wetu wa jioni, mtu ambaye hata kura hapigi, amewekwa kwa chama ambacho jina lenyewe alishindwa kulitamka. Mimi nashuku yale madaftari ya getini. Kila jengo mjini hapa waingia waandika jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi, na mlinzi hata hakuangalii usoni. Nishaandika namba yangu mara ngapi maisha haya? Daftari likijaa laenda wapi?

wakili_bila_suti:
Mwenye uzi wacha nikupe hesabu ilivo ujue wewe wahitajiwa kwa nini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 yasema chama kikitaka usajili kamili lazima kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wapiga kura waliosajiliwa, katika kila kaunti, na kaunti hizo ziwe zaidi ya nusu. Tuna kaunti 47 kwa hivyo ni 24 kwenda juu. 24 mara elfu moja ni watu 24,000, na namba zao za vitambulisho. Haya jifanye wewe ndio mwenye chama kipya, ofisi yako chumba kimoja, mwenyekiti wewe, katibu shemeji yako, uchaguzi huo waja. Wale elfu wa Wajir utawapata lini, wa Vihiga je? Ndipo daftari la getini linapopata bei.

Na usidhani madhara yake ni hiyo kazi ya ukarani peke yake. Katiba kifungu cha 85, ukitaka kugombea kama mgombea huru usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Yani mtu asiyekujua anaweza kukufungia mlango wa kugombea udiwani kwa kukuandika tu kwenye karatasi.

kopi_mwembetayari:
Kwa hivo mimi ni mmoja wa wale elfu wa Mombasa. Nilidhani nimeibiwa sauti kumbe nimeibiwa hesabu.

mzee_wa_kibokoni:
Wanangu, mwaka wa 63 mimi nilikuwa kijana wa shule na nayakumbuka vizuri. Wakati ule serikali yenyewe ilikuwa ya bunge khasa, kama ya Waingereza, hakuna rais. KANU ilishinda viti vingi Mei 1963, Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na upande wa pili wa nyumba akakaa Ronald Ngala na KADU yake, mtu wetu wa huku Pwani, wakitaka serikali za majimbo ili vyama na makabila madogo wasimezwe. Marehemu babangu alikuwa na kadi ya KADU. Akiiweka ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na karatasi za nyumba. Hakutuachia watoto tuishike. Kwake ile ilikuwa ni hati.

Novemba 1964 Ngala akasimama bungeni akasema KADU imevunjwa, wabunge wake wanaingia KANU, na mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri na rais. Babangu alipata habari kwa redio ya jirani akiwa kibarazani, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuna aliyekuja kumuuliza, mzee fulani wewe mwenye kadi waonaje. Alikaa kimya, kahawa ikapoa, akaimwaga. Yeye aliandikwa kwa hiari yake akatolewa bila kuulizwa, wewe umeandikwa bila kuulizwa. Mimi naona ni ugonjwa mmoja.

likoni_feri_saa12:
Mzee na ile kadi iliishia wapi?

mzee_wa_kibokoni:
Alizikwa yeye, kadi ya KADU bado iko. Ya KANU hakuchukua mpaka miaka ya themanini, vijana wa chama waliposimama sokoni wakidai kadi, mama akamwambia baba Fulani, kachukue tu tununue samaki.

mswahili_bremen:
Nimesoma ya mzee nikasisimka. Mimi mtoto wa Majengo lakini niko huku Ujerumani mwaka wa tisa sasa, kazi ya ghala. Nataka niwape kisa kimoja, na sitaki mtu aseme nasifia wazungu.

Zamu yetu kulikuwa na mzee mmoja ni mwanachama wa SPD toka ujana wake, mchango wake wakatwa benki kila mwezi. Huku ni bunge linalomchagua Chansela, yani mkuu wa serikali, na ni nadra chama kimoja kupata wingi peke yake kwa hivo lazima waungane. Mwanzo wa 2018 uchaguzi ulikuwa ushapita miezi, viongozi wa SPD na wa chama cha Merkel, Chansela wa wakati ule, wamekaa wamekubaliana, mkataba wa kurasa chungu nzima uko tayari. Lakini haukutiwa sahihi. Kwanza SPD wakatuma bahasha kwa wanachama wao wote, zaidi ya laki nne, kuwauliza tuingie ama tusiingie? Yule mzee alikuja nayo kazini, akaifungua wakati wa chai, makombo ya mkate juu ya karatasi, akaweka alama ya HAPANA kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa. Matokeo, 66 kwa mia wakasema ndio. Mzee akapiga meza, akanuna wiki nzima, lakini chama hakuhama. Merkel akachaguliwa baada ya hapo. 2025 wakaulizwa tena, mara hii kwa mtandao, karibu 85 kwa mia wakakubali, ndio Merz akawa Chansela.

Sasa nauliza huko nyumbani, Machi 2025 UDA ya Rais Ruto na ODM ya Raila walipotia sahihi mkataba wao wa kushirikiana pale KICC Nairobi mbele ya kamera, nyinyi wenye kadi za vyama hivyo viwili nani alipata bahasha?

likoni_feri_saa12:
Mimi nilipata meseji siku hio. Ilikuwa ya deni la mkopo wa simu, Fuliza.

BintiKuze:
😂 Haya kaka wa Bremen kisa kizuri, lakini tusipambe Ulaya kama bi arusi. Wanachama kuulizwa si dawa ya kila kitu. Uingereza 2022 Boris Johnson alipojiuzulu, wananchi hawakupiga kura, aliyechagua waziri mkuu mpya ni wanachama wa Conservative peke yao. Liz Truss alipata kura 81,326, nchi ina watu zaidi ya milioni 60, akakaa siku 49 uchumi ukatetemeka wakamtoa wabunge wenzake na kumuweka Sunak. Mawaziri wakuu watatu mwaka mmoja bila uchaguzi mkuu. Na Ubelgiji 2010 walikosa kuelewana vyama wakakaa siku 541 bila serikali kamili. Siku 541! Hapa kwetu kivuko kikiharibika siku moja Likoni watu wataka kuogelea.

mswahili_bremen:
Dada sikatai. Lakini tizama nani aumia chama kikivuruga. Novemba 2024 huku muungano ulivunjika, Chansela Scholz alimfuta waziri wake wa fedha Lindner wa FDP, mwezi uliofuata bunge likasema halina imani naye, Februari 2025 tukaenda uchaguzi mapema. FDP, chama cha miaka na miaka, wakapata 4.3 kwa mia. Sheria huku chama kisichofika 5 kwa mia ya kura, kama hakina wabunge watatu wa majimbo, hakiingii bungeni. Wote nje. Kuna chama chengine kipya cha BSW kilipata 4.98, wangeongeza karibu kura elfu kumi tu wangeingia. Yani chama kikicheza chapoteza chakula chake. Kwetu je? Jubilee ya Rais Uhuru ilishinda 2017 na wingi bungeni, miaka miwili haijafika nyumba ishagawanyika vipande, na rais yuko pale pale Ikulu. 2020 ndio wakawatoa viongozi wao wenyewe, Murkomen akaondolewa kuwa kiongozi wa wengi seneti, Duale bunge la taifa. Chama kimekufa kitandani lakini serikali yaendelea kula.

wakili_bila_suti:
Hapo ndipo kiini kilipo na watu wengi hawakigusi. Kule kwa mfumo wa bunge, chama NDICHO serikali. Wabunge wa chama wakimkataa waziri mkuu, ameondoka. Kwa hivo chama kina kazi ya kila siku, kushika wabunge wake pamoja, ndio maana kuna kiranja wa kuwasimamia. Sisi mwaka wa 2010 tuliandika katiba ya rais anayechaguliwa moja kwa moja, mawaziri wako nje ya bunge, lakini tukaacha ndani mapambo yote ya bunge la Uingereza: kiongozi wa wengi, kiongozi wa wachache, viranja, kuhesabu mirengo. Chama kwetu kina kazi moja kubwa, nayo ni kutoa tiketi. Tiketi ikishatoka na rais akishaapa, chama ni kama hema la arusi, lakunjwa larudi kwa mwenyewe.

Ndio maana vita vyetu ni vya mchujo wa wagombea ndani ya chama. Nani atasahau vile watu hulala nje ya ofisi za chama kusubiri cheti, na mtu aweza kushinda kwa kura za wanachama na cheti kikatoka na jina lengine.

kijana_wa_nyali:
Mimi sioni haja ya vyama kabisa. Sisi Nyali 2017 tulichagua mgombea huru, Mohamed Ali, akaenda bungeni bila chama. 2022 akasimama na UDA akashinda tena, kiti kile kile. Kwa hivo watu walichagua mtu. Msambweni uchaguzi mdogo wa Disemba 2020 Feisal Bader alisimama huru akaipiga ODM katika ngome yake. Futeni vyama, kila mtu asimame na jina lake.

wakili_bila_suti:
@kijana_wa_nyali mdogo wangu, umejijibu mwenyewe bila kujua. Kwa nini 2022 alitafuta chama? Bungeni kamati ndiko kazi inakofanyika, na nafasi za kamati zagawiwa kufuata vyama. Ukiwa huru wakaa usubiri wakubwa wakurushie nafasi. Na watu 349 kila mmoja na lake, bajeti mtaipitisha vipi? Kila kura itakuwa soko la Kongowea saa kumi na moja alfajiri, kila mswada una bei yake na dalali wake. Chama kibaya ni taabu, lakini bunge lisilo na vyama ni mnada.

kijana_wa_nyali:
Kwani sasa hivi si mnada?

wakili_bila_suti:
😂 Sina jibu. Lakini ngoja nikueleze kuhusu kuhama, manake hapa kuna kisa kitamu. India mwaka 1967 mbunge mmoja wa jimbo la Haryana, Gaya Lal, alibadilisha chama mara tatu ndani ya wiki mbili, mpaka Wahindi wakatunga msemo Aaya Ram Gaya Ram, Ram amekuja Ram ameondoka. Uhamaji ukazidi, serikali za majimbo zaanguka kama maembe, 1985 wakaweka sheria kwa katiba, ukihama chama kiti wapoteza. Sisi tuliwatangulia. 1966 Jaramogi Odinga na wenzake walipotoka KANU kuunda KPU, bunge likapitisha sheria haraka haraka kwamba anayehama arudi kwa wapiga kura, wakaenda uchaguzi mdogo wengi wakaangushwa, na 1969 KPU ikapigwa marufuku. Leo iko kwa kifungu cha 103, ukijiuzulu chama au ukionekana umejiuzulu, kiti kimekwenda. Na mgombea huru akijiunga na chama kiti kimekwenda vile vile.

Uingereza hawana hiyo. Septemba 2019 Johnson aliwafukuza wabunge 21 kwenye kundi la chama chake kwa kumpinga mambo ya Brexit, siku moja, pamoja na mjukuu wa Churchill. Wakatoka kundini lakini viti vyao wakakalia mpaka uchaguzi. Kule kiti ni cha jimbo. Kwetu sheria ilitaka kuzuia Gaya Lal, lakini kama chama kina mwenyewe, basi fimbo umempa yule mwenyewe.

BintiKuze:
Na fimbo yenyewe haipigi sawa. Aisha Jumwa wa Malindi ODM walimfukuza 2019, akaenda kesi, akabaki na ubunge wake mpaka 2022. Halafu mtizame ile ya Oktoba 2022, muungano wa Azimio wa Raila walitoka uchaguzini na wabunge wengi zaidi, kisha wabunge 14 wa vyama vidogo wakahesabiwa Kenya Kwanza, muungano wa Rais Ruto, na spika wa bunge la taifa akasema hawa ndio wengi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwa wapiga kura. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema spika alikosea, siku chache baadaye spika akasimama tena akahesabu, jibu likatoka lile lile. Hisabu za bunge letu nafikiri zafundishwa shule nyengine.

Na kati ya hivyo vyama vidogo kimoja ni PAA, ambacho sisi Wapwani tuliambiwa ndio nyumba yetu.

likoni_feri_saa12:
Hapo sasa! Mimi nasema siku zote shida yetu hatuna chama CHETU. Watu wa bara wana vyama vyao, sisi twaenda kuomba maji kwa jirani kila miaka mitano. Tuunde cha Pwani, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, tuone kama hawatatupigia magoti.

wakili_bila_suti:
Kifungu cha 91, chama kisiundwe kwa msingi wa dini, lugha, kabila, jinsia wala eneo. Ukikiita cha Pwani kimekufa siku ya usajili.

likoni_feri_saa12:
Na hivyo vya bara je havina eneo?

wakili_bila_suti:
Vina elfu moja moja kwa kaunti 24. Rudi juu kwa mwenye uzi.

mzee_wa_kibokoni:
Mwanangu wa Likoni, tumejaribu. KADU nimekwambia ilivoisha. 1992 vijana walitaka IPK, chama cha Waislamu, serikali ikakataa kuisajili kwa kuwa ni ya dini, mji huu ukawaka, moshi wa machozi uliingia mpaka vyumbani kwa akina mama, watoto twawafuta macho kwa maji. 1997 ikaja Shirikisho, ikasajiliwa, tukasema haya sasa, ikapata kiti kimoja tu cha ubunge, nacho ni hapo hapo kwako Likoni. Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi, naye amekuja na PAA, akaanza upande wa Azimio, kabla ya kura yuko Kenya Kwanza, leo ni spika wa seneti. Sisemi amekosea, amepata cheo na cheo kwa mtu wetu ni kitu. Nasema mimi sikusikia mkutano wa wanachama uliokaa kuamua safari hiyo.

likoni_feri_saa12:
Mzee umenipiga na kombora la babu. Nakaa chini.

rahaleo_tanga:
Habari zenu majirani. Naona mnalalamika, huku kwetu Tanzania mgombea huru hakuna kabisa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishasema 2013 kwamba hiyo inakiuka haki lakini bado lazima upite chamani. Na mbunge akivuliwa uanachama ubunge nao kwaheri. Isipokuwa wale akina mama 19 wa viti maalumu wa CHADEMA, chama kiliwafukuza Novemba 2020 na wakaendelea kukaa bungeni, yaani wabunge wa chama kinachosema si wetu. Kwa hiyo ndugu yangu wa kopi, wewe chama kinasema ni wako na wewe unakikana, wao walisema wa chama na chama kikawakana. Mngekutana mngeelewana.

kopi_mwembetayari:
Jamani nimesoma yote tangu jana usiku. Kuna kitu kimenirudia na nimeona niseme tu manake chanikereketa.

Mwaka ule wa 2021, kabla ya hizi habari za mfumo, kuna kijana alikuja kibandani na begi. Mpole, ananukia vizuri, anamwita kila mtu bosi. Akataka kopi nyingi akaomba bei ya jumla, nikamfanyia shilingi tatu kwa ukurasa. Zilikuwa karatasi zenye mistari, jina, kitambulisho, simu, wadi, sahihi. Mashine ilipata moto nikaizima mara mbili ikapoa tukaendelea. Na nakumbuka nilicheka nikamwambia kijana, hawa watu wako wote wameandika kwa kalamu moja, sahihi zote zimelalia upande mmoja kama minazi ya Bamburi. Akacheka na yeye. Akanunua soda mbili moja akanipa mimi. Nilimuuliza ni za nini, akasema kikundi cha maendeleo. Sikuuliza tena. Siku hio ilikuwa siku nzuri ya biashara, nilifunga mapema nikanunua pweza.

Sasa hapa ndipo nilipokosa usingizi. Nimejiuliza mimi namba yangu aliitoa wapi. Mimi si mtu wa maofisi wala majengo makubwa, hayo madaftari ya getini naandika kwa nadra. Leo asubuhi nafungua kibanda, naangalia ukuta. Kuna kopi ya kitambulisho changu nimeibandika pale, mbele na nyuma, tangu nilipoanza kazi, ndio sampuli ya kuonyesha wateja kopi yangu ilivo safi. Jina lote. La babu pia.

likoni_feri_saa12:
😂😂😂😂 NIMEANGUKA KITI. Bosi ulimtolea kopi, ukamuuzia kwa jumla, na ukamuwekea jina lako ukutani

BintiKuze:
Ya Rabi. Ing'oe hiyo karatasi sasa hivi kaka.

wakili_bila_suti:
Hatuna ushahidi kwamba ni chama hicho hicho wala kijana huyo huyo. Lakini ndio, ing'oe.

mswahili_bremen:
Nimemsimulia mzee wa SPD wakati wa chai kwa Kijerumani changu hiki. Amefikiri kidogo akauliza, kwa hiyo huyo rafiki yako halipi mchango? Nikamwambia hapana. Akasema basi yeye ndiye mwanachama wa bei rahisi kuliko wote duniani.

mzee_wa_kibokoni:
Usijilaumu sana mwanangu. Soda ulikunywa na pweza ulikula, hayo yamepita. Ulishajitoa?

kopi_mwembetayari:
Nimejitoa mzee, leo baada ya adhuhuri. Fomu ya kazi nayo nimeijaza, nasubiri. Karatasi ya ukutani nimebandua, imeacha alama ya mraba mweupe, wateja waniuliza kulikuwa na nini hapo.

Halafu jioni nimepita kwa mama Kisauni nikamfungulia na yeye akaunti nimuangalie. Bi mkubwa ana miaka sabini na mbili, kutoka hatoki ila akienda matangani. Yumo. Chama chengine kabisa, si kile changu. Nikamwambia mama, wamekuandika chama bila kujua, nikutoe? Akaweka ukili wake chini, akanitizama, akasema ngoja kwanza, usikimbilie kunitoa, niambie ni cha nani.